Tusizifute Nukta Zinazopinda

Mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari ana kazi nzito kuliko wengi wanavyodhani. Yeye ndiye mtu wa kwanza kumwambia kijana kuwa maumbile yanafuata kanuni, na kwamba kanuni hizo zaweza kuandikwa kwa mstari mmoja wa herufi na tarakimu. Mimi mwenyewe niliipenda elimu hii kwa sababu ya mwalimu wa namna hiyo, nami namheshimu hadi leo. Hata hivyo, katika makala haya nataka kutetea jambo ambalo huenda lisiwafurahishe baadhi ya walimu wenzangu. Nasema kwamba tunawafundisha wanafunzi wetu kanuni bila ya kuwafundisha mipaka yake, na kwa kufanya hivyo tunawazoeza kuifuta ile sehemu ya maumbile ambayo mara nyingi ndiyo yenye mengi ya kutueleza.

Hoja yangu nitaijenga juu ya fani ninayoifanyia kazi, nayo ni tabia ya nuru kali inapokutana na nyuso za metali zilizochongwa kwa vipimo vidogo mno. Fani hii yaonekana kuwa mbali na darasa la kidato cha tatu. Lakini nitajaribu kuonyesha kuwa ni jirani yake wa karibu.

Kisa cha springi

Nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari tulifanya jaribio ambalo kila msomaji wa taarifa hii amelifanya au atalifanya: kutundika mawe ya mizani kwenye springi, kupima urefu wake na kuchora grafu. Springi tuliyopewa ilikuwa chakavu. Nukta zangu sita za kwanza zilijipanga vizuri juu ya mstari mnyoofu. Tatu za mwisho zilipinda. Nilizipima tena, zikapinda vile vile. Nilipompelekea mwalimu daftari langu aliniambia kuwa nimekosea kupima, akanipa kifutio. Nikazifuta, nikachora mstari wangu hadi mwisho wa karatasi, nikapata alama zote.

Simlaumu. Mtihani ulikuwa unakaribia, na mtihani ulitaka mstari mnyoofu. Lakini siku ile nilijifunza mambo mawili kwa pamoja: kanuni ya Hooke, na desturi ya kusema uongo mdogo kwa ajili yake. Kanuni niliihitaji. Desturi ile ilinichukua miaka mingi kuiacha.

Nuru yenye adabu

Katika vitabu vyetu vya shule nuru ni kitu chenye adabu. Miali miwili ikikutana hewani hupishana kama wasafiri wawili njiani, kila mmoja akaenda zake bila ya kubadilika. Nuru nyekundu ikipita katika kioo cheupe hutoka nyekundu. Ukiongeza mara mbili nuru inayoingia, inayotoka nayo huongezeka mara mbili. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na hiyo ndiyo tabia tunayoiita uwiano sawia: kila haba huongeza kiasi chake tu, wala haina habari na haba iliyotangulia.

Kwa nini nuru ina tabia hii? Nuru ni wimbi la umeme na sumaku. Inapopita katika kitu, uga wake wa umeme husukuma elektroni za kitu hicho huku na huko, nazo elektroni zikitetemeka hutoa nuru nyingine. Kila elektroni imeshikwa na atomu yake kama vile jiwe lililoshikwa na springi. Likisukumwa kidogo, hurudi kwa kani iliyo sawia na umbali lilikosogea. Hapa, basi, tumekutana tena na ile grafu ya springi, isipokuwa springi yenyewe sasa ni atomu.

Na kama ilivyo kwa springi, mstari huo ni mnyoofu kwa sababu tu msukumo ni mdogo. Hebu tutazame tarakimu. Uga wa umeme wa nuru ya jua inayoifikia dunia ni kama volti 1,000 kwa meta. Uga unaoishika elektroni katika atomu ya haidrojeni ni kama volti 500,000,000,000 kwa meta. Uwiano wa kwanza kwa wa pili ni mmoja kwa milioni mia tano. Nuru ya jua huitikisa elektroni kwa unyonge kiasi kwamba springi yake haijui kuwa ina mpaka. Si ajabu kuwa wataalamu waliishi na nuru kwa karne nyingi wakaamini kuwa adabu hiyo ndiyo asili yake.

Nukta iliyopotea

Mambo yalibadilika mwaka 1960, Theodore Maiman alipotengeneza leza ya kwanza huko California, Marekani, kwa kutumia fuwele ya yakuti. Leza iliwapa wataalamu nuru kali ya rangi moja ambayo waliweza kuikusanya kwa lenzi mahali padogo sana. Mwaka uliofuata Peter Franken na wenzake katika Chuo Kikuu cha Michigan walielekeza nuru nyekundu ya leza ya namna hiyo, yenye urefu wa wimbi wa nanometa 694 hivi, katika fuwele ya kwatsi. (Nanometa moja ni sehemu moja ya meta iliyogawanywa mara milioni elfu, unene wa unywele wa binadamu ni kama nanometa 80,000.) Upande wa pili walitoka na nuru nyekundu kama ilivyotarajiwa. Lakini pamoja nayo walikuta nuru nyingine hafifu mno, isiyoonekana kwa macho, yenye urefu wa wimbi wa nanometa 347, yaani nusu kamili ya ile ya kwanza. Marudio ya wimbi, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, yalikuwa yamezidishwa mara mbili. Nuru ilikuwa imebadilika rangi.

Nuru hiyo mpya ilikuwa kama sehemu moja tu katika milioni mia ya ile iliyoingia. Ilichapika kwenye bamba la picha kama nukta ndogo kando ya doa kubwa la nuru nyekundu. Wakaipeleka picha hiyo pamoja na makala yao kwa jarida la Physical Review Letters, nalo likaichapa mwezi wa Agosti mwaka 1961. Katika ukurasa uliochapwa mshale upo, unaelekeza mahali penye nukta, ila nukta yenyewe haipo! Inasimuliwa miongoni mwa wataalamu kuwa mtu mmoja katika ofisi ya jarida aliiona, akadhani ni uchafu wa bamba, akaisafisha.

Kisa hiki huwachekesha watu kila kinaposimuliwa. Mimi niliposimuliwa kwa mara ya kwanza, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya udaktari ughaibuni, sikucheka. Niliukumbuka ule mkono wangu ulioshika kifutio. Kilichofutwa pale kilikuwa chanzo cha fani nzima, ambayo baadaye ilimpatia Nicolaas Bloembergen sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1981.

Maana ya jambo lenyewe si ngumu. Elektroni ikisukumwa kwa nguvu, springi yake hufika mahali inapoacha kuwa sawia, na mtetemo wake huacha kuwa safi. Msomaji analijua jambo hili bila ya kujua kuwa analijua. Fungua redio ndogo kwa sauti ya chini, uimbaji utatoka safi. Ifungulie hadi mwisho, sauti itakwaruza. Mkwaruzo huo ni marudio mapya, hasa yale yaliyo mara mbili na mara tatu ya yale ya asili, ambayo kipaza sauti huyaongeza chenyewe kwa sababu kimesukumwa kupita mpaka wake.

Kwa upande wa fotoni, yaani vile vipande vya nishati vinavyofanya nuru, jambo hilo hilo husemwa hivi: fotoni mbili nyekundu huungana zikawa fotoni moja yenye nishati ya zote mbili. Jifya moja haliinjiki chungu. Ni lazima zikutane mbili mahali pamoja na wakati mmoja. Ndiyo maana ukiongeza nuru inayoingia mara mbili, nuru mpya haiongezeki mara mbili bali mara nne, na ukiiongeza mara kumi, hiyo mpya huongezeka mara mia. Haba hapa ina habari na haba mwenzake.

Wala msomaji asidhani kuwa haya yamefungiwa katika maabara za ng'ambo. Kurunzi nyingi za leza ya kijani zinazouzwa mitaani hufanya kazi kwa njia hii hii: ndani yake kuna nuru ya infraredi yenye nanometa 1,064, na fuwele ndogo huigeuza kuwa nuru ya kijani yenye nanometa 532. Mwanafunzi anayeichezea (jambo ambalo halifai, kwa kuwa huweza kuharibu macho) ameshika mkononi mwake nukta ya Franken.

Nyuso zilizokwaruzwa

Sasa tuje kwenye metali. Hapa pana fumbo. Katika fedha au dhahabu atomu zimepangwa kwa ulinganifu kamili: upande wa kulia wa kila atomu ni sawa na upande wa kushoto. Elektroni iliyo ndani ya metali ikisukumwa kulia au kushoto hukuta hali ile ile. Kwa sababu hiyo ule mkwaruzo wa marudio mara mbili, ambao huhitaji pande mbili zisizolingana, hujifuta wenyewe. Metali, kwa hesabu hii, ingepaswa kuwa bubu.

Lakini kila kitu kina mwisho wake, na mwisho wa metali ni uso wake. Pale usoni, upande mmoja kuna metali na upande wa pili kuna hewa. Ulinganifu umevunjika. Kwa hiyo uso, wenye unene wa atomu chache tu, hutoa ile nuru mpya, ijapokuwa kwa unyonge. Jambo hili lilionwa juu ya uso wa fedha katikati ya miaka ya 1960. Faida yake ilikuwa dhahiri: nuru isiyotoka ndani bali usoni tu huweza kutueleza habari za uso peke yake, na za chochote kilichoganda juu yake.

Hatua iliyofuata ilitoka mahali ambapo hakuna aliyepatazamia. Mwaka 1974, katika Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, Martin Fleischmann, Patrick Hendra na James McQuillan walikuwa wakichunguza molekuli zilizoshikamana na kipande cha fedha kwa njia iliyogunduliwa na C. V. Raman huko India mwaka 1928. Ili wapate nafasi ya molekuli nyingi zaidi, waliukwaruza uso wa fedha kwa njia ya umeme na kemia. Dalili waliyoipata ilikuwa na nguvu ya kupendeza, nao wakaona ni kwa sababu uso umepanuka. Mwaka 1977 makundi mawili, moja la Richard Van Duyne na David Jeanmaire huko Marekani, na lingine la Grant Albrecht na Alan Creighton huko Uingereza, yaliirudia hesabu. Yakakuta kuwa kila molekuli ilikuwa ikitoa dalili kubwa kiasi cha mara laki moja hadi mara milioni moja kuliko inavyotarajiwa. Kupanuka kwa uso kusingeweza hata kidogo kueleza tofauti hiyo.

Walimu wenzangu, naomba tutue hapa kidogo. Wangeweza kuifuta tofauti ile. Ilikuwa rahisi kusema kuwa kipimo kimekosewa, au kwamba uso ulikuwa mpana kuliko ilivyodhaniwa. Hawakuifuta. Wakauliza: yatoka wapi hii?

Jawabu lilipatikana katika ule mkwaruzo wenyewe. Elektroni za metali hazikushikwa na atomu moja moja; huenea ndani ya metali kama maji katika bakuli. Katika kipande kikubwa na laini nuru huziyumbisha kidogo tu. Lakini katika chembe ya nanometa makumi kadhaa, elektroni zote huweza kuyumba kwa pamoja, kama maji yanavyoyumba katika ndoo unapoibeba kwa mwendo unaopatana na mdundo wake. Kuyumba huko huitwa plasmoni. Zaidi ya hayo, uga wa umeme hujikusanya kwenye ncha, na ndiyo sababu ya kuweka fimbo yenye ncha juu ya paa ili kukinga radi. Kwa hiyo juu ya vilima na ncha za uso uliokwaruzwa, na hasa katika nyufa nyembamba kati ya chembe mbili, nuru hukusanyika ikawa kali mara nyingi kuliko ile iliyoingia.

Sasa fuata hesabu, kwani ni ya kidato cha nne tu. Ikiwa mahali fulani uga wa umeme umeongezeka mara 10, ukali wa nuru, ulio sawia na kipeo cha pili cha uga, umeongezeka mara 100. Nayo ile nuru ya marudio mara mbili, iliyo sawia na kipeo cha pili cha ukali, itaongezeka mara 10,000. Mwaka 1981 C. K. Chen, A. R. B. de Castro na Y. R. Shen, wakiwa Berkeley, Marekani, waliupima uso wa fedha uliokwaruzwa, wakakuta nuru hiyo imeongezeka kwa kiasi cha mara 10,000. Uso uliokuwa karibu bubu ulikuwa umepewa sauti, na aliyeupa sauti ni kasoro.

Tangu hapo wataalamu wameacha kukwaruza kwa kubahatisha. Hivi leo huchora juu ya kioo maumbo ya dhahabu au fedha yenye nanometa mia au pungufu kwa kutumia mwali wa elektroni: vijiti, pembetatu, herufi, vikuku vilivyokatwa upande mmoja. Mwaka 2006 kundi la watafiti huko Karlsruhe, Ujerumani, lilionyesha kuwa vikuku vya dhahabu vya namna hiyo hutoa nuru ya marudio mara mbili kwa kiasi kinachotegemea umbo lao na jinsi nuru inavyopatana na mdundo wao.

Sitaki kumdanganya msomaji kwa kusifu mno. Metali humeza sehemu kubwa ya nuru na kuigeuza kuwa joto. Ukiizidisha leza, vijiti vyako vya dhahabu huyeyuka na kuwa matone. Na kwa kuwa tabaka lenyewe ni jembamba, nuru mpya inayopatikana kwa jumla bado ni ndogo ukilinganisha na ile ya fuwele kubwa. Anayetaka nuru nyingi ya kijani ataendelea kununua fuwele. Thamani ya nyuso hizi iko kwingine: katika kuchunguza mahali padogo sana, na katika kuhisi kitu kidogo sana kilichogusa uso.

Yatuhusu nini?

Nimeulizwa mara nyingi, na watu ninaowaheshimu, kama ni haki kwa nchi yenye shule zisizo na maabara kumlipa mhadhiri anayeshughulika na vijiti vya dhahabu visivyoonekana. Ni swali la haki, nami silikimbii.

Jibu la kwanza ni kwamba vitu hivi tayari viko nasi. Katika zahanati zetu, mgonjwa wa homa hutobolewa kidole, damu ikawekwa kwenye kijipande cha kipimo cha haraka cha malaria, na baada ya dakika chache mstari mwekundu hutokea. Katika vipimo vingi vya aina hiyo, wekundu ule si rangi ya kiwandani wala si damu. Ni chembe za dhahabu za nanometa makumi kadhaa, ambazo elektroni zake huyumba kwa kupatana na nuru ya kijani na kuimeza, hivyo jicho likabaki na wekundu. Nakiri kuwa hiyo ni nuru yenye adabu, ile ya haba na haba. Hata hivyo plasmoni ni ile ile. Tunaitumia kila siku, tunainunua kutoka nje, na wengi wa wanaoishika hawajui kuwa mkononi mwao wana dhahabu.

Jibu la pili ndilo kubwa zaidi kwangu. Si kila shule yaweza kununua leza, na sidai hivyo. Ninachodai ni tabia ya akili. Kila hatua niliyoisimulia hapo juu ilitegemea mtu mmoja kukataa kuifuta nukta iliyopinda. Nchi inayowafundisha vijana wake kuifuta, hata ikijengewa maabara ya kifahari kesho, haitagundua chochote ndani yake. Itathibitisha tu yale ambayo wengine wamekwisha kuyasema. Na hasara haiishii kwa wanasayansi. Mhandisi aliyezoea kunyoosha grafu atanyoosha pia taarifa ya nondo zilizopinda, na mganga ataifuta homa isiyolingana na kitabu.

Wako wanaopinga wakisema kuwa mwanafunzi hana budi kuijua kanuni kabla ya kujua mipaka yake, na kwamba ukimwonyesha yote mawili kwa pamoja utamchanganya. Nakubali sehemu ya kwanza. Mtu hawezi kujua kuwa nukta imepinda kama hajui mstari ulipaswa kupita wapi. Franken asingeitambua nukta yake kama asingejua vizuri nuru ya kawaida. Lakini sehemu ya pili siikubali. Kijana anayejua kuwa mpira wa baiskeli ukivutwa mno hukaza, na kwamba redio ikifunguliwa mno hukwaruza, hachanganyikiwi kuambiwa kuwa kanuni ina mahali pake. Anachanganyikiwa pale macho yake yanaposema hivi na mwalimu wake akasema vile.

Yanayowezekana

Natoa mapendekezo matatu, yasiyohitaji fedha za kigeni.

Kwanza, jaribio la springi lifanywe pia kwa ukanda uliokatwa katika mpira wa ndani wa baiskeli, na chupa ya plastiki inayojazwa maji kidogo kidogo badala ya mawe ya mizani. Nukta zote zichorwe, hadi ukanda ukaze. Kisha mwanafunzi aulizwe: mstari ni mnyoofu kutoka wapi hadi wapi? Swali hilo moja lina thamani kuliko kuikariri kanuni mara kumi.

Pili, timazi. Kitabu husema kuwa muda wa mzunguko wake hautegemei upana wa kuyumba. Ufunge uzi wa meta moja kwenye kitu kizito, upime mizunguko kumi ukiuachia kutoka pembe ndogo, halafu upime tena ukiuachia kutoka nyuzi 60. Nadharia inasema kuwa kwa pembe hiyo muda huongezeka kwa asilimia 7 hivi. Katika sekunde 20 tofauti ni zaidi ya sekunde moja, nayo saa ya kawaida ya mkononi yaweza kuionyesha. Darasa litakuwa limeivuka mipaka ya kitabu kwa uzi na jiwe.

Tatu, na hili nawaelekea watungaji na wasahihishaji wa mitihani. Mwanafunzi aliyeleta nukta zisizokaa juu ya mstari, akaeleza kwa uaminifu alivyozipima na akakisia sababu, apewe alama. Aliyeleta mstari mnyoofu kupita kiasi kutoka katika chombo chakavu aulizwe aliupataje. Najua usahihishaji wa namna hii ni mgumu na huchukua muda. Lakini walimu hufundisha kile kinachotahiniwa, na tukitahini unyofu wa mstari badala ya unyofu wa mtu, tutavuna tulichopanda.

Nanyi wanafunzi mnaosoma taarifa hii, neno langu kwenu ni fupi. Mkipima na nukta ikapinda, pimeni tena. Ikipinda tena, kagueni chombo, kagueni macho yenu, muulizeni mwenzenu apime. Mara nyingi mtakuta kosa ni lenu, na hilo nalo ni somo. Lakini baada ya yote hayo, kama bado imepinda, iacheni pale ilipo na andikeni pembeni mlivyoiona. Huenda isiwe kitu. Huenda ikawa ni springi chakavu tu, kama ile yangu. Hata hivyo springi ile chakavu ilikuwa ikiniambia jambo la kweli kuhusu springi, nami nikalifuta kwa ajili ya alama mbili.